Ubavu wa Saba

Hai Yulian alikuwa na miaka arubaini na minne alipoanza kujifunza kutazama ndani ya vifua vya watu. Kabla ya hapo kazi aliyoijua ni viazi. Sisi wote pale tulitoka kwenye viazi. Walipofungua ile ofisi mjini kwetu, kusini mwa jimbo la Ningxia, juu ya jengo lililokuwa ghala la manyoya ya kondoo, walitaka wanawake wenye macho mazima na mikono isiyotetemeka. Shule hawakuuliza sana. Mimi nilifika darasa la tano, Yulian la tatu, tukakalishwa meza moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha za eksirei zinaletwa kwenye kompyuta, hazina majina, na wewe unazungushia mstari: hapa pafu, hapa moyo, hapa mtulinga wa begani, hapa ugonjwa. Mistari yetu inapelekwa kufundishia mashine huko mbali, ili siku moja itambue maradhi yenyewe. Kwa hiyo tulikuwa tunaifundisha mashine jambo ambalo wenyewe tulikuwa hatujalijua.

Aliyetufundisha sisi ni Qiao, msichana wa miaka ishirini na minne aliyesomea unesi akaishia njiani. Siku ya kwanza alisimama mbele akasema, "Kinamama, sikilizeni mara moja, sirudii. Upande wa kulia wa picha ni kushoto kwa mgonjwa. Amesimama anawatazama. Anayeshindwa hilo arudi akapalilie."

Wiki ile ya kwanza tuliuzungushia moyo tukauita uvimbe. Msuko wa nywele ulioangukia begani tukauita kifua kikuu. Kisha kulikuwa na yale madoa mawili madogo, moja huku na moja huku, ambayo chumba kizima, wanawake arubaini, tuliyatia alama ya ugonjwa. Qiao akaiweka picha kwenye skrini kubwa ukutani.

"Hivi ninyi mna watoto?" akauliza. "Mliwanyonyesha kwa kitu gani, kwa viwiko?"

Wengine wakajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Yulian akasema taratibu, bila kucheka, "Mwalimu, za kwetu ziko chini zaidi. Ndiyo maana hatukuzitambua."

Tulicheka hadi Qiao mwenyewe akageuka kutazama dirishani. Lakini hakusahau. Qiao alikuwa na desturi yake: anayepitwa na ugonjwa kwenye picha, kabla ya chakula cha mchana anasimama mbele ya wenzake na kusema kwa sauti, "Leo nimeua watu wawili," au watatu, kadiri ya makosa yake. Kisha ndipo anakwenda kula tambi zake. Mimi niliposimama mara ya kwanza nilianza na astaghfirullah, nikaambiwa chumba kinataka hesabu, dua nikasome nyumbani.

Yulian alisimama miezi miwili mfululizo. Siku moja aliua watu tisa. Qiao akamwambia, "Mama, wewe ni ugonjwa wa mlipuko." Hakulia. Alirudi mezani, akaniambia, "Dada Sa, huyu mtoto haoni kwamba sisi tunatazama picha yote kwa mara moja, kama anayetazama shamba. Mimi nitatazama mstari kwa mstari."

Akaanza na mbavu. Wengi wetu mbavu zilitusumbua, zilikatiza kila kitu. Yeye alizihesabu. Ule wa kwanza mfupi uliojikunja chini ya mtulinga, ambao wengi hawauoni, akautafuta kwenye kila picha kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha wa pili, wa tatu, akishuka, na mkono wake wa kushoto ukishuka pamoja naye juu ya mwili wake mwenyewe, chini ya koti. Kila nafasi kati ya ubavu na ubavu aliikagua kama mtu anayechagua mawe kwenye mtama. Mwezi wa tatu hakusimama tena. Mwezi wa sita Qiao alikuwa akija mezani kwetu, anainama, anasema kwa sauti ya chini, "Mama Hai, hebu itazame hii." Asante hakuwahi kusema.

Ni katika kuhesabu huko ndipo aliponionyesha ubavu wake. Tulikuwa tunatia udhu kabla ya sala ya adhuhuri. Akauchukua mkono wangu akauweka kushoto, chini ya titi, pembeni kabisa.

"Huu ni wa saba," akasema. "Sikuwahi kujua namba yake."

Kulikuwa na nundu ngumu pale, kama mfupa ulijifunga fundo. Akaniambia ilikuwa siku alipojifungua binti wa pili. Mumewe, Tuo Wanfu, aliingia, akauliza ni nini, akaambiwa, akachukua kigoda. Siku ya kumi Yulian alikuwa shambani anachimba viazi, maana vilikuwa vinaoza. Alinieleza yote hayo akisugua vidole vya miguu, kwa sauti ile ile ya kuhesabia mbavu.

Wanfu nilimjua. Msikitini alikaa safu ya mbele. Miaka mingi ilikuwa imepita, amenona, ana mzaha, wajukuu wanampanda mgongoni. Ukimwona huwezi kumfikiria na kigoda mkononi.

Mwaka wa pili wa kazi Yulian alianza kukohoa. Majira ya kuchipua yakapita, bado anakohoa, koti likawa linamwelea. Wanfu akampeleka hospitali ya mji mkubwa. Kwetu daktari hamwambii mgonjwa, humwita mwenye mgonjwa. Yulian aliachwa kwenye benchi la nje, Wanfu akaingia, mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa na ule mfuko mkubwa wa karatasi ambao kila mgonjwa hupewa aende nao nyumbani ukiwa na picha zake. Aliukumbatia kwapani njia nzima. Kila Yulian alipoomba kuiona picha, Wanfu alijibu, "Tukifika."

Lakini picha haikufika moja kwa moja. Alimshusha mkewe nyumbani, yeye akaja kwangu nayo.

"Shemeji," akasema, akiwa bado amesimama mlangoni, "ni kansa. Pafu la kulia, na maji yameshaanza kukaa chini. Daktari anasema kabla ya theluji."

Nikasema inna lillahi. Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Ataitaka picha, unamjua. Zamani mke wa mtu ukimwambia ni baridi ya kifua amekubali. Huyu wangu sasa amekuwa daktari wa ghala la manyoya. Wewe si ulipigwa picha mwaka jana, ulipoanguka ngazini?"

"Nilipigwa."

"Ikawa safi?"

"Safi."

"Niazime."

Nilimwambia ni uongo, shemeji, na mtu anayekwenda kwa Mola wake anahitaji kujua anakwenda lini. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Ukimwambia leo atakufa kesho kwa hofu. Kila mtu hufanya hivi. Mama yako mwenyewe mlimwambia?"

Hatukumwambia. Basi nikaitoa picha chini ya godoro, nikampa. Yeye akachukua mkasi wangu wa ushonaji, akaikata kona yenye jina.

Alinitaka niwepo, ili Yulian anione sina wasiwasi. Tukaenda. Wanfu akaibandika picha kwenye kioo cha dirisha kwa mikono miwili, jua likapita ndani yake, na mimi nikawa naning'inia pale mbele yetu wote, mbavu zangu na moyo wangu.

"Haya, daktari," Wanfu akasema. "Daktari wa kweli amesema ni mkamba. Utakunywa dawa, utakula nyama ya kondoo, itakwisha."

Yulian akasogea. Midomo yake ikaanza kutembea. Nilijua anachofanya. Alihesabu akishuka, moja, mbili, upande wa kulia wa picha, alipofika wa saba kidole chake kikaufuata ule mfupa kutoka uti wa mgongo hadi pembeni, kikarudi, kikaufuata tena. Ulikuwa laini kama uzi.

"Hii ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe. Nani tena?"

"Mbavu zote nzima."

"Kwani ulitakaje?" Wanfu akasema, akicheka. "Wewe ni mwanamke wa nguvu. Nimekutunza."

Yulian akamgeukia. Nilidhani atasema. Akasema, "Alhamdulillahi, basi nimepona," akaenda kuchemsha maji ya chai.

Kesho yake kazini alisubiri mpaka Qiao apite. Kisha, macho yakiwa kwenye skrini, akaniambia, "Dada, uti wako wa mgongo umepinda. Ndiyo maana bega lako la kushoto limeshuka. Unywe maziwa."

Kipanya cha kompyuta kilinitoka mkononi.

"Usilie hapa, huyu atatuandika," akasema. "Jana mume wangu alipotoka niliitafuta ya kwangu. Ameificha nyuma ya kabati, hakujua kwamba mimi ndiye ninayefagia nyuma ya kabati. Dude liko juu kulia, kubwa kama kiazi cha mbegu. Maji chini. Nimelizungushia kwa kidole. Qiao angenipa alama zote."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia.

"Wewe nitakupa, subiri zamu yako. Sikia. Anayeficha ugonjwa simlaumu, kila mtu huficha. Lakini ameniwekea mbavu nzima mbele ya macho yangu, Dada Sa, na hakutetemeka hata kidogo. Hakumbuki. Kama angekuwa anakumbuka angetafuta picha ya mtu mwenye ubavu uliounga, au angesema picha imepotea."

"Mwambie basi."

"Sitamwambia. Siku yangu ikifika atakuja kuniomba radhi, hana njia. Nataka aniombe akijua anaomba nini."

Kwetu hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila hilo. Mtu akiwa taabani, imamu huitwa kumsomea toba, na ndugu na majirani huingia mmoja mmoja, wanaombana radhi na yule anayekwenda, yeye awape na wao wampe. Asiyepewa hubaki na mzigo huo hadi siku ya hesabu. Sasa Wanfu alikuwa amejifunga mwenyewe: akiomba radhi anakiri kwamba mkewe anakufa, asipoomba siku zinakwisha. Yulian alilijua hilo, akawa anamtazama anavyohangaika. Kila jioni, akaniambia, Wanfu alimletea bakuli la chai lenye tende na sukari ya mawe, anakaa ukingoni mwa kitanda, anafungua mdomo, kisha anauliza kama viazi vimeota.

Yulian alikuja kazini hadi viazi vilipochimbwa. Wiki zake za mwisho alifanya jambo la ajabu. Kila picha ya mwanamke, baada ya mapafu, alikuwa anazungushia mbavu zilizowahi kuvunjika zikaunga. Qiao aligundua baada ya siku nne, akamsimamisha.

"Nani alikuambia utafute mbavu? Wateja wetu wanataka mapafu. Hizi ni za zamani, zimepona, hazina faida kwa mtu yeyote."

"Ni nyingi," Yulian akasema. Alikuwa anahema kwa kusimama tu. "Nyingi ni za kushoto, Mwalimu. Wanaume wengi wanatumia mkono wa kulia."

Kuna wanawake waliojishika ubavu, niliwaona.

"Leo umeua watu wangapi?" Qiao akauliza.

"Hakuna."

"Basi sema hivyo: leo nimepoteza siku nne za watu. Sema ukale."

Akasema. Hakwenda kula, alikwenda nyumbani, na hakurudi. Meza yake ilipewa mtu mwingine mchana ule ule, na mistari yake ya mbavu yote ikafutwa. Mimi mwenyewe nilipewa mia mbili za kufuta.

Theluji haikuwa imeanguka bado alipofikia kushindwa kulala chini. Alikaa juu ya kitanda cha matofali, mito mgongoni, moto chini yake, akivuta pumzi kama anayenyonya kwa mrija. Kwa Wanfu bado ulikuwa mkamba. Siku midomo ilipogeuka rangi hakuwa na la kufanya tena, akamwita imamu. Tulipoona imamu anavua viatu mlangoni kila mtu alimtazama Yulian aone atashtuka vipi. Akasema, "Karibu, imamu. Nilidhani umepotea njia."

Alisomewa toba. Tukaingia zamu zetu. Binti zake wawili, Ashe na mdogo wake, wakatoka wakilia. Nilipofika mimi nilishindwa kusema, yeye akasema, "Nimekupa, dada. Picha yako ilikuwa nzuri."

Kisha Wanfu. Chumba kilijaa, wengine wamesimama hadi uani. Akapiga magoti ukingoni mwa kitanda.

"Mama Ashe, kama kuna mahali nimekukosea, niwie radhi. Mimi nimekupa yako yote."

"Mahali gani?" Yulian akauliza.

"Mambo ya nyumbani. Mume na mke hawakosi maneno."

"Maneno." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nyuma ya kabati, Dada Sa. Iweke dirishani."

Nikautoa mfuko, nikaibandika ile picha kwenye kioo, ya kweli sasa, ikiwa na kona yake na jina lake, jua la adhuhuri nyuma yake. Ule weupe mkubwa juu, hata wasiojua kusoma picha waliuona, wakaanza kunong'ona.

"Nilitaka usiogope," Wanfu akasema.

"Hilo nimekuwia radhi toka ile siku. Lingine. Liko hapo, tafuta. Hesabu mbavu."

"Mama Ashe."

"Hesabu. Ukiliona, omba, nitakupa."

Watu wakaanza kuguna. Shangazi mmoja wa Yulian akasema, "Mpe tu mwenzio, binti. Unataka kwenda na kinyongo?" Imamu naye akasema kwa upole, "Msamehe, njia ni ndefu." Yulian akajibu, "Nitampa, imamu. Atafute tu."

Basi yule mtu mzima, ndevu nyeupe, akasogelea dirisha akaweka kidole kwenye picha. "Moja," akasema. "Mbili." Alianza na ule wa pili, wa kwanza hakuuona. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba alikuwa anahesabu upande wa kushoto wa picha, yaani kulia kwa mkewe. Mkewe alilala kushoto kwake miaka ishirini na sita, na yeye akatafuta kushoto.

Nilijua anatafuta upande usio wenyewe. Mle chumbani tuliojua tulikuwa wawili. Yulian alinitazama, nikamtazama. Neno moja lingetosha. Mimi ni mtu ambaye hata kuku nikimchinja namwomba samahani, na wanaonijua watawaambia hivyo, lakini nilisimama nimeshika kona ya ile picha isianguke, nikanyamaza.

"Nne," Wanfu akasema. "Tano." Alitua, akakodoa macho, akapangusa jasho. "Sioni kitu. Mimi si msomi. Niambie ni nini, Yulian, nitaomba chochote."

Mmoja wa mabinti alipiga ukelele kabla sijageuka. Macho ya Yulian yalikuwa wazi yakielekea dirishani, na imamu alikuwa tayari ananyoosha mkono kuyafumba.

Siku ya arubaini tulikaanga mikate kama ilivyo ada, tukaigawa. Baada ya sala ya alasiri Wanfu alinifuata nyumbani na ule mfuko kwapani. Alikuwa amekonda. Alisema haendi tena safu ya mbele, kila akisujudu anahesabu.

"Nimeitazama kila siku," akasema. "Nionyeshe, shemeji. Nakuomba."

Nikaibandika kwenye kioo changu. Nikamfundisha kama tulivyofundishwa. Nikamwambia kulia kwa picha ni kushoto kwa mtu, maana amesimama anakutazama. Nilipolisema hilo alinigeukia polepole, nikaona ameelewa kwamba siku ile nilijua. Nikamwonyesha mtulinga, na ule mfupi uliojikunja chini yake. Akaweka kidole, akashuka peke yake, akihesabu bila sauti, na alipofika wa saba kidole kikapanda juu ya ile nundu kikasimama.

"Hii."

"Hiyo."

"Ni nini?"

"Kigoda," nikasema. "Binti yako wa pili alikuwa na umri wa saa moja."

Kidole hakukiondoa. Kisha, pasipo kuambiwa, akaendelea kushuka, wa nane, wa tisa, na pale wa tisa akasimama tena. Nikasogea nikatazama. Palikuwa na nundu nyingine, ndogo, ya nyuma karibu na uti wa mgongo. Picha elfu ngapi zilipita mikononi mwangu, na nundu hii, kwenye picha niliyoishika siku aliyokufa, sikuwa nimeiona. Yulian hakuwahi kunitajia.

"Hii siijui," nikasema.

"Hii naikumbuka," akasema Wanfu.

Akanyoosha mkono kuibandua picha airudishe mfukoni. Nikauzuia mkono wake. Sijui nguvu zile nilizitoa wapi, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikavuta kiti nikamwekea mbele ya dirisha.

"Keti, shemeji," nikamwambia. "Siku ile, upande wa pili, wewe uliishia ubavu wa tano. Malizia."